Hofu Hutafuta Mtu wa Kulaumiwa

Somo: Matendo ya Mitume 19:23-41



Demetrio, mfua fedha wa Efeso, aliogopa kwamba biashara yake itakufa. Lakini mjini hofu hiyo haikusikika. Zilisikika kelele za kumtetea Artemi, na wengi waliopiga kelele hawakuweza kueleza sababu. Hebu sasa tujitazame sisi wenyewe.

1. Mabadiliko. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwatoa watu wa Shinyanga katika miji yao iliyotawanyika, wakapangwa karibu karibu. Baada ya vita ya Kagera ya 1978-1979 bunduki zilizagaa, na ng'ombe wakaibwa. Mwaka 1982 wanavijiji wa upande wa Kahama waliunda Sungusungu, kwa kuwa waliona hakuna wa kuwalinda. Hasira yao ilikuwa na sababu ya haki.

2. Hofu. Lakini hasira hiyo haikuishia kwa wezi. Baadhi ya Sungusungu waliwafukuza pia bibi vizee walioitwa wachawi, na wengine wengi waliuawa usiku kwa mapanga. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi. Kumbe bibi alipikia mavi makavu ya ng'ombe, moshi ukimuumiza macho, kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Miti ilifyekwa tangu enzi ya Waingereza ili kufukuza mbung'o, kisha kwa mashamba ya pamba. Nchi ilibadilika, naye bibi akalipa kwa uhai wake.

3. Dhahabu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Mwaka 2000 mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa. Malalamiko juu ya ardhi na fidia ni ya kweli, nayo yana mahali pa kupelekwa. Lakini tangu 2007 tulisikia habari za kutisha: ndugu zetu wenye ualbino wanauawa, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati ya dhahabu na samaki. Aliyekosa riziki hakumgusa aliyemzidi nguvu, alimwangukia mnyonge.

Karani wa mji wa Efeso hakuwatukana watu wale. Aliwaonyesha kwamba baraza zipo, mwenye dai alipeleke huko. Tujifunze hivyo. Hofu ikitajwa jina lake huwa hoja, nayo hoja hujibiwa. Isipotajwa, hutafuta jirani wa kumla.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:

(a) Ni badiliko gani linalotutia hofu katika mtaa wetu?

(b) Tunapokasirika, tunamtaja nani? Je, ndiye aliyelileta?

(c) Lipi kati ya malalamiko yetu tulipeleke kwenye serikali ya kijiji au baraza la ardhi, na nani atasimama kulisema?

(d) Mwano ukipigwa usiku juu ya bibi wa jirani, nitakimbilia upande gani?