Somo: Vita vya Tanga na Picha Zake

Wasomaji wetu wa Tanga waijua Raskazone kwa upepo wake wa bahari na kwa makaburi ya vita yaliyoko huko. Hapo ndipo jeshi la Waingereza, watu wapata 8,000, wengi wao Wahindi, lilipoanza kushuka pwani usiku wa tarehe 2 Novemba 1914. Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika walikuwa wapata 1,000 tu, nao wakashinda. Kwa upande wa Waingereza watu zaidi ya 800 waliuawa au kujeruhiwa.

Basi, wale wasiokuwapo waliijuaje vita hiyo? Watu wa Uingereza hawakuambiwa upesi, maana habari ya kushindwa ilizuiwa muda wa miezi. Habari iliyopendwa ikawa ya nyuki, ati Wajerumani waliwatega makusudi. Kweli nyuki walikuwako, lakini waliwauma watu wa pande zote mbili.

Huko Ujerumani picha ilifanya kazi kubwa zaidi. Mchoraji mmoja alichora bango la kuwachangia fedha wapiganaji wa makoloni. Humo jemadari von Lettow-Vorbeck amepanda farasi, na askari wake wamfuata. Ni picha nzuri, wala hatumlaumu mchoraji kwa mkono wake. Lakini farasi walikufa kwa wingi katika vita hivyo kwa sababu ya mbung'o. Na jemadari huyo mwenyewe alieleza katika kitabu chake kwamba aliingia mjini Tanga kupeleleza usiku kwa baisikeli. Nani angetoa fedha yake kwa mtu wa baisikeli?

Ila farasi ni neno dogo. Lililo zito ni wapagazi. Waingereza peke yao waliwaandika watu wapata milioni moja kuchukua mizigo, na hesabu yao wenyewe ya waliokufa ilipita 40,000; wako wataalamu wasemao kwamba yakaribia 100,000. Wengi waliuawa na njaa na kuhara, wala si risasi. Nani achoraye kuhara? Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao, lakini sanamu iliyosimamishwa mji huo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini tu. Nairobi walitenda vema zaidi, kwani huko mpagazi amesimama pamoja na wapiganaji.

Mwalimu akipata picha ya vita, iwe ya kale au ya jana katika simu, awaache wanafunzi waitazame kimya kwanza. Kisha awaulize: Ni nani aliyeifanya, na kwa fedha ya nani? Askari huyu alikula nini asubuhi ile, na ni nani aliyemchukulia chakula hicho kichwani?