Askari Amwiteje Mwenziwe

Amma baadu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari, kutoka kwa Jabir bin Abdillahi (r.a.), kwamba walipokuwa katika safari ya vita mtu mmoja katika Muhajirina alimpiga Ansari mmoja. Aliyepigwa akapaza sauti kuwaita Ansari wenziwe, na yule naye akawaita Muhajirina. Mtume (s.a.w.) aliposikia aliuliza, wito huu wa kijahilia umetoka wapi? Akawaamrisha wauache, kwani ni kitu kinachonuka.

Taamali jambo hili, ewe ndugu. Muhajirina na Ansari si majina ya matusi. Mwenyezi Mungu amewasifu wenye majina hayo katika Kitabu chake. Basi ubaya haukuwa katika neno, bali katika kulitumia kuipasua safu. Na ikiwa jina tukufu limekuwa uvundo kwa kutumiwa hivyo, itakuwaje jina la kudharauliana?

Khabari ya Abu Dharr (r.a.) ndiyo jawabu. Alimtukana mtu kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Husemwa kuwa mtu huyo ni Bilal, ingawa katika Sahihi hakutajwa jina. Mtume akamwambia kuwa ndani yake ungalimo ujahilia, tena akausia kuwa watumwa wao ni ndugu zao, wawalishe wanachokula na wawavishe wanachovaa. Baadaye Abu Dharr alionekana Rabadha, yeye na mtumwa wake wamevaa nguo sawasawa. Alipoulizwa sababu, akalisimulia kosa lake kwa kinywa chake.

Tazama sasa askari wa zama za karibu. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, nchi ya Burma. Walikuwamo askari wa King's African Rifles, ndio Keya, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa, chini ya maofisa wa Kiingereza. Mkubwa aliitwa "afande", neno la asili ya Kituruki lililokuja na askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Misri. Hilo ni neno la cheo, na hata leo Mwafrika humwita hivyo Mwafrika mwenziwe, halina ubaya. Lakini mtu mzima, mwenye mke na watoto, kuitwa "boi" kwa ajili ya rangi yake, hilo ni tusi.

Wala Waingereza wasitwikwe mzigo wote. Watu wa pwani nao walikuwa na neno lao, "mshenzi", wakimwita kwalo mtu wa bara. Mtu analala na mwenziwe handaki moja, anagawana naye maji ya chupa moja, pengine amesilimu na kusimama naye safu moja katika Sala. Kisha akikasirika amwita hivyo! Hili ndilo lile lile la Abu Dharr, halikupungua kitu.

Imamu Nawawi katika al-Adhkar ameeleza kuwa ni haramu kumwita mtu kwa lakabu aichukiayo, ijapokuwa ni sifa aliyo nayo kweli. Isipokuwa asiyejulikana ila kwayo, kama al-A'raj, yaani kiwete, katika wapokezi wa hadithi. Na sharti iwe kwa kutambulisha, si kwa kudharau. Basi kusema "yule Mnyasa" ili ajulikane kati ya wengi hakudhuru, maadamu mwenyewe hachukii. Ama aliyekwisha kumtukana mwenziwe, hiyo ni haki ya mja: istighfari peke yake haitoshi, ni lazima amwendee amtake radhi.