Pima ukurutu kwa daftari

Kuna kifaa kidogo ambacho daktari wa ngozi hukigusisha kwenye mkono wa mgonjwa ili kujua ni gramu ngapi za maji zinazopotea kwa kila mita mraba ya ngozi kwa saa moja. Mkono wenye afya kwa kawaida hutoa namba isiyozidi 10. Penye ukurutu hupanda maradufu au zaidi, maana tabaka la juu limelegea: maji yanatoka, sabuni na vijidudu vinaingia. Tatizo ni kwamba kifaa hicho hutaka chumba cha nyuzi 20 hadi 22 hivi, na mgonjwa atulie humo robo saa au zaidi. Mtoto aliyeshuka boda pale Mamboleo, hapa Kisumu, saa nane mchana, shati limemganda mgongoni, atapimwa jasho.

Jasho hilo huwapoteza hata wazazi. Utasikia: hewa ya ziwa ina unyevu, ngozi itakaukaje? Hukauka, hasa ikioshwa kwa sabuni ya kufulia, iliyo kali mno kwa ngozi.

Nyumbani, badala ya kifaa, daftari latosha. Lakini kabla ya kuhesabu lolote, uliza kama wengine nyumbani wanajikuna usiku, na chungulia katikati ya vidole. Wakiwa wengi, huenda huo ni upele wa kuambukizana, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Ukishaambiwa kliniki kwamba ni ukurutu, tumia kipimo kiitwacho POEM, kilichotungwa na watafiti wa Nottingham, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2004. Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumapili jioni. Kwa siku saba zilizopita: ni siku ngapi ngozi imewasha? Ngapi usingizi umekatika kwa sababu yake? Ngapi imetoka damu, imechuruza majimaji, imepasuka, imebanduka magamba, imekuwa kavu au ya kukwaruza? Kila swali lina alama zake: hakuna siku, 0; siku 1 au 2, alama 1; siku 3 au 4, alama 2; siku 5 au 6, alama 3; kila siku, alama 4. Jumla ikiwa 3 hadi 7, ukurutu ni mdogo. 8 hadi 16, wa wastani. Kuanzia 17 ni mkali. Mtoto mkubwa ajibu mwenyewe. Kuhusu mwasho, yeye ndiye shahidi.

Nakipenda kipimo hiki kwa sababu hakiulizi wekundu. Vipimo vingine vya hospitalini huuliza, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha: palipovimba huwa kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, pengine vipele vidogo vidogo tu. Pitisha mgongo wa kiganja, usikie joto, ukwaruzaji na unene. Doa jeupe au jeusi lililobaki pahali laini pasipowasha si ukurutu unaoendelea. Rangi hurudi taratibu, kwa miezi. Usiendelee kupaka krimu ya steroidi ili kulifuta.

Pembeni mwa alama, andika tarehe uliyofungua kopo la mafuta. Mtoto mwenye ukurutu mwilini kote huhitaji takriban gramu 250 kwa wiki za mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kopo la kiasi hicho likidumu mwezi mzima, alama za juu hazionyeshi kwamba tiba imeshindwa; haijajaribiwa bado. Najua makopo manne kwa mwezi si mzaha mfukoni. Vaselini ya kawaida, ya bei nafuu, inafaa.

Alama zikipungua kwa 4 au zaidi, nafuu ni ya kweli. Zisiposhuka wiki kadhaa ingawa mafuta yanapakwa ipasavyo, nenda na daftari na dawa zote zahanati, nao wakiona haja watakupa rufaa hadi Jaramogi, ile hospitali ambayo wengi bado wanaiita Russia. Magamba ya manjano yanayonata huenda yakawa dalili ya bakteria; yaonwe mapema. Malengelenge yanayouma, yaliyosongamana, pamoja na homa, hayasubiri hesabu ya wiki: mpeleke mtoto hospitali siku hiyo hiyo.