Jasho Si Mafuta: Majibu kwa Wanaokimbia na Kupanda Mwisho wa Wiki

Tangu kaskazi ianze, barua nyingi zinazonifikia zinatoka kwa vikundi vya mazoezi, vya Mjini, vya Ng'ambo na vya shamba. Watu wanakutana Jumamosi na Jumapili baada ya swala ya alfajiri. Wengine wanakimbia kutoka Maisara hadi Forodhani na kurudi, wengine wanapanda Masingini, wengine wanakodi daladala hadi Mtende kuparamia miamba ya pwani. Nafurahi sana kuliona hili, kwani presha na sukari zimejaa majumbani mwetu na mwendo ni nusu ya tiba yake. Lakini yanayosemwa ndani ya vikundi hivyo yananitia hofu. Walioniuliza wanunue raba gani na wakimbie kilomita ngapi wanisamehe, nimewaacha. Nimechukua maswali ambayo yakikosa jibu, mtu ataumia.

Nafunga nailoni tumboni na kuvaa koti la mvua ninapokimbia, ili mafuta yayeyuke. Kila Jumapili napungua kilo moja na nusu, lakini Jumanne zimesharudi. Nakosea wapi? (Barua nyingi zinazofanana, kutoka Kwahani, Jang'ombe, Fuoni na Bububu.)

Nimeziunganisha kwa sababu zinauliza kitu kimoja, na hakuna kinachonichosha kuliko hicho katika kazi yangu.

Jasho ni maji na chumvi. Mafuta ya tumboni hayayeyuki yakatoka kwenye ngozi, ukijifunga nailoni au usijifunge. Yanachomwa ndani ya mwili kwa oksijeni, na mabaki yake yanatoka zaidi kwa pumzi. Mwaka 2014, Ruben Meerman na Andrew Brown wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, waliichapisha hesabu hii katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ: katika kila kilo 10 za mafuta yanayochomwa, kilo 8.4 zinatoka mapafuni zikiwa kaboni dioksidi, na 1.6 tu ndizo zinazogeuka maji. Kwa hiyo anayehema ndiye anayepungua, hata kama fulana yake ni kavu.

Tuje kwenye ile kilo moja na nusu. Mtu wa kilo 70 akikimbia kilomita 10 anatumia takriban kalori 700. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Hata kama mbio zote zingeendeshwa kwa mafuta peke yake, na haziendeshwi hivyo, angepoteza gramu 90 hivi. Karibu vingine vyote vilivyopungua kwenye mizani ni maji, na maji hayo mwili unayadai siku ile ile. Ndiyo maana Jumanne kilo zimerudi. Hazikuwa zimeondoka.

Jasho lina kazi nyingine kabisa. Mnaujua mtungi wa udongo: unatoa maji kidogo kidogo kwa nje, maji yale yanakauka kwa upepo, na ya ndani yanabaki baridi. Uvishe mtungi ule nailoni uone kama maji yake yatapoa. Mwili wako uko vivyo hivyo. Lita moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi inaondoka na karibu kalori 580 za joto. Ikidondoka chini, au ikinaswa ndani ya nailoni, umepoteza maji na joto limebaki. Na joto lenyewe si dogo, maana sehemu kubwa ya zile kalori 700 inageuka joto, si mwendo. Lingebaki lote mwilini, nusu saa ya kukimbia ingetosha kukufikisha nyuzi 40, na hapo ubongo unaingia hatarini.

Sasa zingatia tunaishi wapi. Kuanzia Disemba hadi Februari hewa ya Unguja imejaa unyevu hata kabla jua halijachomoza, na jasho linakauka kwa shida. Mkimbiaji wa kisiwani tayari amenyimwa nusu ya upepo wake, halafu anakwenda dukani kununua nailoni ajinyime nusu iliyobaki. Nimewafungua watu nailoni hizo kwa mikono yangu. Ngozi ya chini imekunjamana na kuwa nyeupe kama ya kidole kilichofulia mchana kutwa, na kwenye mistari ya kiunoni fangasi imeshaota. Mafuta yako pale pale.

Wanaowauzia mikanda ya kuyeyusha tumbo wanawaongopea. Wanaowauzia chai za kupunguza unene wanawafanyia baya zaidi, kwani nyingi ya chai hizo zina sanamaki. Mtu anaharisha usiku, alfajiri anakimbia akiwa ameshakauka, na anajiona mwepesi. Ni mgonjwa.

Wala msikimbilie upande wa pili mkajaza maji kwa nguvu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu na asilimia 13 walikutwa chumvi ya damu imeshuka kuliko inavyotakiwa, wengi wao kwa kunywa kupita kiasi. Ukiona kiu, kunywa. Ukitaka uhakika, jipime uzito kabla na baada ya mbio: uliyepungua kidogo uko sawa, uliyeongezeka umezidisha.

Ni kweli kuoga maji ya baridi baada ya kukimbia kunaleta baridi yabisi?

Si kweli.

Mwenzetu alianza kusema maneno yasiyoeleweka tulipokaribia Mazizini. Akamsukuma mwenziwe, akaanguka. Wazee wakasema kapandwa. Tukamfunika kanga, tukamsomea. Hospitali wakatwambia figo zimeumia. Ilikuwa nini?

Kwa maelezo yenu, ilikuwa kiharusi cha joto, na nashukuru yuko hai.

Naomba kila kiongozi wa kikundi ausome mstari huu mara mbili. Mtu anayekimbia kwenye joto, kisha akaanza kuropoka, kupepesuka, kugombana bila sababu au kutojua yuko wapi, ubongo wake unapikwa. Huenda bado anatoka jasho, msisubiri ngozi ikauke. Kumfunika kanga kunalizuia joto lisitoke. Kumtia kwenye gari na kumkimbiza hospitali bila kumpoza kunapoteza dakika zile ambazo zingemwokoa.

Pozeni kwanza, safirisheni baadaye. Tandikeni turubai, mlazeni katikati, watu sita mshike kingo ziinuke kama karai, mmimine maji na barafu na kuyachezesha huku na huku mkiwa mmeushikilia uso wake juu ya maji. Barafu ya alfajiri inapatikana kwa wauza samaki wa Malindi na Darajani, basi kikundi kinachokimbia Mjini kiwe na turubai lake na namba ya simu ya muuza barafu. Mkiwa shamba bila barafu, mwagieni maji ya kisima mfululizo na kumpepea kwa nguvu. Mwanamke abaki na nguo zake za stara, maji yapite juu yake, yanafanya kazi. Lengo ni ashuke chini ya nyuzi 39 ndani ya nusu saa. Msimpe kitu mdomoni akili ikiwa haijarudi.

Anayetaka kusoma dua asome, na mkono wake uwe na ndoo.

Joto linawapata zaidi waliotoka homani juzi, wasiolala, na wale wanaobururwa na kasi ya wenzao. Kikundi kiende kwa mwendo wa aliye nyuma. Wenye haraka wazunguke uwanja wakimsubiri.

Nilitegua kifundo cha mguu Masingini. Mkandaji amenichua kwa mafuta ya moto siku tatu na uvimbe unazidi. Rafiki zangu wanasema nikaze moyo kama Akhwari.

Mguu uliotoka kuteguka una mishipa iliyochanika na damu inavuja ndani. Ukiuchua kwa moto unaifungulia njia. Siku mbili za mwanzo unataka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kila baada ya saa chache, bandeji isiyobana sana, na mguu juu ya mto. Baada ya hapo anza kuuchezesha taratibu.

Kuna kipimo cha kujua kama unahitaji picha, madaktari wa Ottawa, Kanada, walikiandika mwaka 1992 na mpaka leo ni chetu sote. Je, unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Je, ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, kwa nyuma na kwenye ncha yake, unauma? Ukishindwa hatua nne au mfupa ukauma, nenda ukapige eksirei leo, wala usiende tena kwa mkandaji. Wapo wakandaji wenye mikono mizuri kwa misuli iliyochoka. Mfupa uliovunjika si kazi yao.

Na Akhwari mumwache. Kila kikundi kinalitumia jina lake kumlazimisha mgonjwa atembee. John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti kwenye maratoni ya Olimpiki ya Mexico, Oktoba 1968, akamaliza mguu ukiwa na bandeji, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa amebeba bendera ya nchi, katika siku isiyorudi. Wewe Masingini ipo wiki ijayo, na mwezi ujao pia.

Vijana wetu wanapanda kuta na mapaa ya Mji Mkongwe usiku na kujirekodi. Kuna ubaya kwa walio wepesi?

Kuta hizo ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti zilizoliwa na mvua za miaka mingi. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka mchana watu wakitazama, na wawili walikufa. Wakatazeni.

Tunapenda kupanda miamba ya pwani, Mtende na Michamvi. Tuwe na hadhari gani? Na mtu akianguka, kutoka jabalini au mnazini, tumbebeje?

Miamba yetu ni matumbawe ya kale, na bahari imeila kwa chini. Mnachokanyaga juu ni ukingo unaoning'inia. Msisimame watu watatu kwenye mdomo mmoja kwa ajili ya picha. Msiyapande mawe yaliyolowa.

Bahari nayo ina ratiba. Wakati wa bamvua, maji yanaweza kupanda karibu mita 4 kwa saa sita hivi. Ufukwe mliopita kwa miguu mikavu asubuhi unakuwa ukuta na wimbi alasiri, na kila siku saa zinasogea kwa karibu dakika 50, kwa hiyo saa za Jumapili iliyopita hazikufai leo. Waulizeni wavuvi wa pale pale kabla hamjashuka.

Kidonda cha matumbawe kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni mpaka chembe zote zitoke, kisha ukaulize chanjo ya pepopunda. Unga wa kahawa haumo katika tiba hiyo. Ukiutia, unanifungia uchafu ndani, halafu mimi ndiye wa kuufukua.

Mtu akianguka kutoka juu, kosa kubwa kuliko yote ni mshikaki: anakamatwa makwapa, anawekwa kwenye bodaboda kati ya dereva na rafiki, kichwa kinaning'inia, barabara ina mashimo. Uti wa mgongo uliopata ufa mdogo unakatika njiani, na aliyeanguka akichezesha vidole anafika hospitali havichezi. Mwacheni alale alivyo, isipokuwa maji yanamfikia au hapumui. Mmoja ashike kichwa kwa mikono miwili kisiyumbe, wengine watafute ubao mpana, hata mlango ung'olewe bawabani. Mgeuzeni mwili mzima kwa pamoja, kwa amri ya aliyeshika kichwa, mpitishe ubao chini. Ikibidi msubiri gari ya mizigo saa nzima, subirini.

Mama mkwe anasema nikikimbia kizazi kitashuka. Mume wangu amenitaka nikuulize wewe.

Kizazi hakishushwi na kukimbia. Kinacholegeza nyama zinazokibeba ni uzazi mgumu, uzazi wa mara nyingi, kikohozi cha muda mrefu na kubeba mizigo mizito, na hayo hakuna aliyemkataza mwanamke. Ndoo za maji za miaka 20 zimeshusha vizazi vingi, na wala sijaletewa barua kuzihusu.

Faith Kipyegon wa Kenya alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mwaka 2016, akajifungua mwaka 2018, akashinda tena mwaka 2021 na 2024. Mtanzania mwenzetu Magdalena Shauri alikuwa wa tatu kwenye maratoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Ukitoka uzazini, ngoja miezi mitatu hivi kabla ya kukimbia, na uanze kwa kutembea. Ukihisi uzito ukeni au mkojo unatoka wenyewe, njoo tuonane, kuna mazoezi yake. Mama mkwe mpe salamu zangu za heshima na umsomee jibu hili.

Tunakwenda kupanda Kilimanjaro marafiki kumi. Sote tunakimbia kilomita 15 bila kusimama. Tuna vitunguu thaumu vya kuzuia ugonjwa wa mlimani. Tumejiandaa vya kutosha? (Barua tatu, na zote zimetaja vitunguu.)

Kitunguu thaumu hakizuii. Kileni kwenye pilau.

Na kukimbia kilomita 15 hakuwalindi. Ugonjwa wa mlimani hauangalii mapafu yenye nguvu, unaangalia umepanda upesi kiasi gani. Wakimbiaji ndio wanaonitisha zaidi, kwani miguu yao inawaruhusu kufanya haraka. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni mnayoivuta Forodhani. Masingini, penye mita 120 hivi, haipaswi kuwadanganya.

Ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pale pa jana kwa zaidi ya mita 500. Njia ya Marangu inawalaza Mandara mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo zaidi ya 4,700. Hesabuni wenyewe. Lipieni siku ya ziada Horombo, au chagueni njia ndefu kama Lemosho. Dawa ya asetazolamaidi inasaidia, lakini mwone daktari kwanza, khasa mwenye mzio wa dawa za salfa. Miguu izoezeni kwa ngazi za majumba ya Michenzani, kwa ruhusa ya wakaazi, na mzoee zaidi kushuka, maana kushuka mlima ndiko kunakovunja mapaja.

Kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, msipande zaidi. Mtu akipepesuka, au akikosa pumzi hali ameketi, ashuke saa ile ile, hata usiku wa manane, hata kilele kinaonekana. Mgonjwa mwenyewe atakataa, kwa sababu kalipa na kaaga mtaa mzima. Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kupanda boti, na muandike majina, nani atashuka na nani.