Rimoti mbili, ndege moja

Swali: Namfundisha binti yangu kurusha ndege ya rimoti. Nimeunganisha rimoti mbili kwa waya, lakini kila nikimpa usukani ndege inalala ghafla upande mmoja. Kwa nini?

Jibu: Ndege huisikia rimoti yako peke yake. Ya binti yako hukuletea tu mwendo wa vijiti vyake kupitia waya, kama mipigo ya umeme ya takriban mikrosekunde 1,000 hadi 2,000, katikati ikiwa karibu 1,500. Trimu zake (virekebishi vidogo vya katikati ya vijiti) zikitofautiana na zako, servo (mota ndogo zinazosogeza usukani wa ndege) huruka mara unapobonyeza swichi ya kumpa usukani. Zilinganishe.

Kama rimoti ni za kampuni tofauti, kagua pia mpangilio wa chaneli: Futaba huanza na eileroni (za kulaza ndege upande), Spektrum na nguvu ya mota. Mpangilio usipolingana, kijiti cha eileroni kinaweza kuwasha mota. Hilo ni hatari kweli, hivyo ng'oa rafadha kwanza. Kisha, ndege ikiwa chini, bonyeza na uachie swichi huku ukitazama mabawa na mkia: visitikisike kabisa. Binti asogeze kila kijiti, nawe uhakikishe kinasogeza kinachostahili, kwa upande sahihi.

Mwanzoni mpe eileroni na eleveta (ya kupandisha na kushusha pua) tu kama rimoti yako inaruhusu, nguvu ya mota ubaki nayo. Na kidole kisitoke kwenye swichi: ukiiachia, ndege ni yako tena.