Slaidi 28 na uamuzi usiofanyika

SWALI: Mimi ni mhasibu wa SACCOS ya walimu. Kila robo mwaka naandaa slaidi 28 kwa ajili ya bodi, lakini kikao huisha bila uamuzi wowote. Nakosea wapi?

JIBU: Ndugu mhasibu, nahisi jambo lako kuu umelizika kwenye slaidi ya ishirini na kitu. Anza nalo. Sema, kwa mfano: "Mikopo chechefu imepanda kutoka asilimia 4 hadi 9, naomba tusimamishe mikopo ya dharura kwa miezi 3." Wajumbe wakishajua unachoomba, kila tarakimu inayofuata wataipima kwa ombi hilo.

Vichwa vya slaidi navyo viseme. "Hali ya mikopo" hakimwambii mtu kitu. "Mikopo ya dharura ndiyo inayoongoza kwa kutolipwa" kinamwambia. Majedwali yaende kwenye kiambatisho.

Usidhani huu ni urembo tu. Mwaka 2003, chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika na wanaanga 7 wakafa. Ripoti ya uchunguzi ilionyesha slaidi moja ya wahandisi, iliyoandaliwa chombo kikiwa bado angani, kuhusu kipande cha povu la kukinga joto kilichokigonga wakati wa kuruka. Kichwa chake kilituliza nyoyo. Onyo kwamba majaribio yao hayakufikia hali halisi ya tukio lilikuwa chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Makabrasha yako yawafikie wajumbe siku 3 kabla ya kikao, ombi likiwa ukurasa wa kwanza.