Mvua ya miaka 100 ikishanyesha, tumesalimika?

SWALI: Naishi bondeni, karibu na Mto Msimbazi, Dar es Salaam. Ramani ya mafuriko inaonyesha nyumba yetu itafikiwa na maji ya "mvua ya miaka 100". Mafuriko ya Desemba 2011 yalishatupitia. Je, sasa tumepona?

JIBU: Hapana, ndugu yangu. "Mvua ya miaka 100" maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 1 wa kunyesha mvua kubwa kiasi hicho, hata kama ilinyesha mwaka jana. Kwa miaka 30, uwezekano wa kunyesha angalau mara moja hufika takriban asilimia 26.

Ili kutengeneza ramani kama yenu, kompyuta hupewa kumbukumbu za mvua, miinuko ya ardhi na vipimo vya mifereji. Kisha huligawa bonde katika miraba midogo na kukokotoa maji yatatoka mraba upi kwenda upi, na kwa kina gani. Ndiyo maana vijana wa mradi wa Ramani Huria walipita mitaani wakichora mifereji. Mfereji ukizibwa na taka, au miteremko ya juu ikijengwa, ramani imeshapitwa na wakati.

Ulizeni ramani yenu ni ya mwaka gani. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, hameni mapema. Msingoje maji yafike mlangoni.